Binti yangu alinikabidhi siri, na sasa inammaliza baba yake

Ndugu Mshauri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa miaka 63, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Muheza mkoani Tanga. Naishi na mume wangu pamoja na mjukuu wetu wa kike mwenye umri wa miaka 11. Naomba usitaje jina langu, kwa sababu haya ninayoyaeleza sijamwambia mtu yeyote, hata dada yangu niliyezaliwa naye tumbo moja.

Mwezi Oktoba mwaka 2022 tulimzika binti yetu wa kwanza, akiwa na miaka 36. Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, na aliugua kwa zaidi ya miaka mitatu. Mwanzoni alikuwa akitokwa na damu nje ya siku zake, akapewa dawa za maambukizi katika zahanati mbili tofauti, na alipokuja kupimwa sawasawa, mwezi Mei 2019, ugonjwa ulikuwa umekwishasambaa nje ya mlango wa kizazi. Tulimpeleka Dar es Salaam. Alipigwa mionzi ya nje mara 25, siku tano kwa wiki, huku akitundikiwa dripu ya kemo, yaani dawa za saratani, mara moja kila wiki, kisha akafanyiwa mionzi ya ndani. Mumewe alimwacha hata kabla matibabu hayajaisha. Baada ya hapo tuliamini kwamba amepona. Alirudi kwenye cherehani yake, akanenepa, akawa anachukua kazi za nguo za Idi kama zamani. Mwanzoni mwa mwaka 2022 mguu wa kushoto ulianza kuvimba na kiuno kikawa kinamuuma usiku. Ugonjwa ulikuwa umerudi ndani ya nyonga, umebana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwezi Julai mwaka huo, daktari alituita mimi na binti yangu. Mume wangu alikuwa huku Muheza akitafuta mnunuzi wa shamba letu la michungwa ili tupate fedha za kumpeleka mtoto India. Daktari alizungumza kwa upole. Alisema sehemu ile haiwezi kupigwa tena mionzi kama ya kwanza, kwamba ipo kemo nyingine inayoweza kumwongezea miezi lakini haitamponya, na kwamba ipo pia njia ya kurudi nyumbani na kuendelea na dawa za maumivu. Akamwuliza yeye mwenyewe anataka nini. Binti yangu aliomba siku mbili za kufikiri. Usiku wa pili aliniambia, "Mama, nimechoka. Nataka kwenda nyumbani nikalale chumbani kwangu. Usimwambie baba kwamba ni mimi niliyekataa. Atavunjika mbele yangu, nami sitaweza kumtazama." Nikamwahidi. Asubuhi nikampigia mume wangu simu nikamwambia, "Madaktari wamesema hakuna tena la kufanya, wameturudisha nyumbani."

Tulikaa naye nyumbani wiki kumi. Ulikuwa ni msimu wa machungwa, na kila alasiri baba yake alikuwa akimmenyea chungwa kwa kisu chake kidogo, ganda likishuka refu bila kukatika, kisha anamkatia nusu na yeye analinyonya taratibu. Maumivu tuliyadhibiti kwa morfini ya maji kila baada ya saa nne. Binti yangu mwenyewe alitega kengele kwenye simu yake ili nisisahau. Usiku mmoja katika wiki ya tatu aliniomba niwaache peke yao yeye na baba yake, wakakaa hadi saa sita. Mume wangu alipotoka alikwenda kuketi barazani, nami sikumwuliza kitu. Binti yetu alifariki alfajiri ya siku ya Jumanne, kwa utulivu, mimi nikiwa nimemshika mkono. Baba yake alishuka kaburini kumpokea. Kanzu aliyoivaa siku ile ina udongo mwekundu hadi leo, na hataki ifuliwe.

Umepita mwaka mmoja na nusu na zaidi. Mume wangu amekuwa mtu mwingine. Anasema, "Wale madaktari walimtupa mwanangu." Anasema ile dawa ya maji ndiyo iliyommaliza. Halafu anajigeukia mwenyewe na kusema, "Laiti ningeliuza lile shamba mapema." Kuna mnunuzi aliyekuja na malipo ya awali mwezi Agosti, binti yetu akiwa nyumbani, na mume wangu akamwambia arudi mwezi ujao. Jambo hilo halimwachi. Tangu mwanzo wa mwaka huu hatumii dawa zake za presha wala haendi kliniki. Na mwezi Aprili wauguzi walipokwenda shuleni kuwachanja wasichana chanjo ya kuzuia ugonjwa huo huo uliomuua mama wa mjukuu wetu, alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu na kusema kwamba mtoto wake hataguswa na watu wa hospitali. Hapo ndipo niliposhindwa kulala.

Ile simu ya marehemu bado ninayo. Sijaitoa kengele ya saa kumi alfajiri. Inalia, mimi naamka, na ninajua kwamba mume wangu naye ameamka, lakini hakuna anayesema neno hadi adhana.

Niambie, mwanangu, nifanye nini? Nikinyamaza, mume wangu ataendelea kujila kwa kosa ambalo si lake. Nikisema, nitakuwa nimevunja amana ya maiti, na mume wangu atajua kwamba nilimdanganya na kwamba mimi ndiye niliyemwacha mwanawe afe. Hakuna anayejua haya ila mimi na Mungu. Na nikuambie lililo zito zaidi: kuna siku namkasirikia marehemu mwanangu kwa kunibebesha mzigo huu, kisha naogopa hasira hiyo.

Mwenye Amana, Muheza

JIBU

Waalaykumu salaam, na shikamoo mama yangu. Pole sana kwa msiba. Najua pole hii inakufikia baada ya watu wengine kukunja mikeka na kurudi makwao, lakini barua yako inaonyesha kwamba kwako na kwa mzee matanga hayajaanuliwa bado. Nimeisoma mara kadhaa kabla ya kuthubutu kuandika, na naomba uyapokee haya kama maneno ya mtu aliyeketi karibu nawe, asiye na haki ya kukuamulia.

Kama nimekuelewa sawasawa, una deni kwa watu wawili. Kwa marehemu uliahidi kunyamaza. Kwa mume wako, uliyeishi naye miaka yote hiyo, unaona unadaiwa ukweli, kwa sababu kukosa ukweli kumemfanya awachukie waliomtibu mwanawe, ajichukie mwenyewe, aache dawa zake, na sasa amzuilie mjukuu wenu kinga. Ukilipa deni moja unahofia kulikana lingine. Hapo ndipo uliposimama kwa mwaka mmoja na nusu, na umesimama peke yako.

Kabla ya kuzungumzia kusema au kutosema, naomba turudi kwenye maneno yenyewe, kwa sababu uliyaandika kwa uangalifu na nadhani unayajua kwa moyo. Binti yako alisema, "Usimwambie baba kwamba ni mimi niliyekataa. Atavunjika mbele yangu, nami sitaweza kumtazama." Mimi nimesimama kwenye neno "mbele yangu". Alikuwa akiomba nini hasa? Alikuwa akikuomba umfunge baba yake asijue kamwe, au alikuwa akiomba aruhusiwe kuzimaliza siku zake bila kuona uso wa baba ukivunjika? Kama ni hilo la pili, basi amana yako uliitimiza yote, kwa wiki kumi kamili, hadi alfajiri ile uliyomshika mkono. Lakini sitaki nikuharakishe kukubali tafsiri hiyo kwa sababu tu inarahisisha mambo. Wewe ndiye uliyemsikia sauti, na wewe ndiye mama yake. Inawezekana alimaanisha milele. Ninachokuomba ni ujiulize kwa utulivu, na ikiwa moyo wako utaona vema, umwulize pia mtu wa elimu ya dini unayemwamini, bila kutaja majina, amana ya namna hii ina mipaka gani pale inapoanza kuwadhuru walio hai.

Jambo la pili ni gumu zaidi, nawe utanisamehe. Ile sentensi uliyomwambia mzee kwenye simu ilikuwa na vitu viwili ndani yake. Ulificha uamuzi wa binti yako, kama alivyokuomba. Halafu ukaongeza kwamba madaktari ndio waliosema hakuna la kufanya na ndio waliowarudisha nyumbani. Hilo la pili binti yako hakukuomba. Lilitoka kinywani mwako asubuhi ile, ukiwa mama asiyelala, katika jiji la ugeni, mwenye sekunde chache za kumjibu mume anayesubiri upande wa pili wa simu. Sikulaumu hata kidogo. Ningekuwa mahali pako sijui kama ningeweza kusema lolote. Naligusa kwa sababu, ukiyatazama mambo yanayokunyima usingizi leo, karibu yote yameota kwenye nusu hiyo ya pili. Hasira ya mzee juu ya hospitali, presha isiyotibiwa, na chanjo aliyoikataa, vyote vinasimama juu ya "madaktari walimtupa mwanangu".

Unaweza basi kufikiri kwamba njia nyepesi ni kusahihisha hilo tu, yaani kumwambia mzee kwamba madaktari hawakumtupa, kwamba walikuwa na kemo nyingine, na kuacha siri ya binti yako ikiwa imefunikwa. Nimeifikiria sana njia hiyo na nalazimika kukueleza ninavyoiona: sidhani kama mlango huo unaweza kufunguliwa nusu. Swali litakalofuata ni "Mbona basi hakupewa?" na utalazimika ama kusema yote, ama kutunga jingine. Kama utaanza, anza ukijua kwamba huenda ukafika mwisho siku hiyo hiyo.

Unasema hakuna anayejua ila wewe na Mungu. Mama, daktari anajua. Muuguzi aliyewaandalia dawa za kurudi nazo nyumbani anajua. Mgonjwa mtu mzima anapokataa matibabu, kwa kawaida huandikwa kwenye faili lake, na mara nyingi yeye mwenyewe hutia saini. Mzee akisukumwa na uchungu akaenda siku moja kuwauliza kwa nini walimtupa mwanawe, anaweza kuupata ukweli huo kwa mgeni, mbele ya meza, akiwa amesimama. Huo nao ni uwezekano wa kuupima unapopima kunyamaza, kwa sababu kunyamaza nako kuna hatari zake, ingawa kunaonekana kama mahali pa usalama.

Sasa nije kwenye lile unaloliita kumwacha mwanawe afe. Nimeisoma habari ya daktari yule mara mbili, na sioni mahali ulipoamua lolote. Aliulizwa mwanamke wa miaka 36, aliyekwisha kupita kwenye mionzi 25 ya nje na ile ya ndani, aliyeujua mwili wake kuliko sisi sote, akaomba siku mbili, akafikiri, akajibu. Wewe ulimsikiliza. Saratani ya mlango wa kizazi ikirudi ndani ya nyonga baada ya mionzi kamili, mara nyingi haiponyeki, na kemo inayotolewa hapo hulenga kurefusha muda na kupunguza dalili. Hilo halitegemei kama mtu yuko Dar es Salaam au India, ingawa naelewa kwa nini neno India lina uzito mkubwa katika nyumba zetu: tunaona kwamba tukiwa tumeuza shamba na kupanda ndege, hapo tutakuwa tumefanya kila kitu. Mzee anaamini kuna mlango uliokuwa wazi naye akachelewa kuufikia. Kwa maneno ya daktari uliyoyanukuu mwenyewe, mlango huo wa kupona ulikuwa umekwishafungwa kabla mnunuzi hajaja.

Na kuhusu ile dawa ya maji, hili ni jambo ambalo unaweza kulisema nyumbani leo bila kugusa siri ya mtu. Morfini inapotolewa kwa kipimo kilichopangwa na kuongezwa taratibu kufuatana na maumivu, haimwui mgonjwa wala haiharakishi kifo chake. Shirika la Afya Duniani limeiweka miongoni mwa dawa muhimu kwa sababu hiyo hiyo ya maumivu ya saratani. Mgonjwa akiwa katika siku zake za mwisho, dozi moja lazima iwe ya mwisho, na familia nyingi huiona ile dozi kuwa ndiyo sababu. Nahisi kwamba hata wewe, uliyekuwa ukishika kijiko, umewahi kuwaza hivyo saa kumi alfajiri. Mirija ya figo ilikuwa imebanwa, na figo zikizimika mwili huzima pamoja nazo. Ulichompa wewe ni usingizi usio na maumivu.

Yapo mambo mawili katika barua yako ambayo umeyaandika mbalimbali, nami nikajikuta nayaweka karibu. Katika wiki ya tatu binti yako aliomba abaki na baba yake peke yao, wakakaa hadi saa sita, kisha mzee akatoka akaenda kuketi barazani bila neno. Na mwezi huo huo wa Agosti, mtu aliyekuwa akitafuta mnunuzi kwa udi na uvumba alimrudisha mnunuzi aliyekuja na fedha mkononi. Wewe unayasoma haya kama kosa analojutia. Inaweza kuwa hivyo. Mimi sikuwapo, na sidai kwamba nimeona usichokiona wewe unayelala naye nyumba moja. Ila najiuliza, na naomba nawe ujiulize: mwanamke aliyeogopa kuutazama uso wa baba yake mwezi Julai, je, huenda alipata ujasiri mwezi Agosti? Huenda walizungumza mambo mengine kabisa, mtoto wake, madeni ya kazi za cherehani, au mahali pa kuzikwa. Lakini umekaa mwaka mmoja na nusu ukiamini kwamba mzee hajui lolote, na hujawahi kumwuliza anajua nini.

Kama utaamua kumweleza, hatari zipo na sitazificha. Anaweza kukasirika, na hasira hiyo ikakuangukia wewe kwanza, kwa kuwa ndiye uliye hai na uliye karibu. Anaweza kuumia zaidi kwa kufichwa kuliko kwa lililofichwa. Anaweza kufikiri kwamba binti yake hakumwamini, na hapo yale maneno halisi yatakuwa na kazi kubwa: msichana aliogopa kuona baba akivunjika kwa sababu alimpenda kiasi hicho. Yaseme kama alivyoyasema, bila kuyapamba. Wengine huona afadhali kumtumia mtu wa kati, shemeji au mzee wa ukoo, afungue mazungumzo. Kwa mambo ya mali na ugomvi wa kawaida desturi hiyo hutusaidia sana, lakini kwa hili nina wasiwasi nayo, kwa sababu mzee akigundua kwamba mwingine alijua kabla yake, aibu itaingia mahali ambapo huzuni peke yake ingetosha. Ukiona huwezi kuwa naye peke yako kwa sababu ya afya yake, basi angalau awepo mtu wa karibu nyumbani siku hiyo, chumba cha pili, hata kama hajui kinachozungumzwa.

Kama utaamua kunyamaza, au kunyamaza kwa sasa, hilo nalo si woga. Kuna watu waliobeba maneno ya wafu wao hadi kaburini wakafanya vema. Ila katika hali hiyo yapo mawili yasiyoweza kusubiri uamuzi wako. Presha isiyotibiwa kwa mtu wa umri wake inaweza kuleta kiharusi bila kutoa taarifa. Na huzuni inapozidi miezi mingi huku mtu akiacha kujitunza, hata wataalamu wa afya sasa wanaitambua kuwa ni hali inayohitaji msaada. Imo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022. Huhitaji kumwambia mzee kwamba anaumwa huzuni. Pengine kijana wenu mwingine au rafiki wa msikitini anaweza kumsindikiza kupima presha, akapimwa na yeye pia, wakarudi pamoja.

Kuhusu mjukuu, bado muda upo. Saratani iliyomchukua mama yake karibu kila mara husababishwa na virusi vinavyoitwa HPV, vinavyowapata watu wengi mno, wanawake na wanaume, bila wao kujua. Nalisema hili waziwazi kwa sababu najua minong'ono inayowafuata wanaougua ugonjwa huu, na huenda mumewe alipomwacha minong'ono hiyo ilifika hadi barazani kwenu. Mwanamke anaweza kuolewa na mume mmoja maisha yake yote na bado akapata virusi hivyo. Chanjo ilianza kutolewa nchini kwetu mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ilianza kutolewa kwa dozi moja kwa walio na miaka 9 hadi 14. Mtoto wenu ana miaka 11. Gari la wauguzi likiondoka shuleni, chanjo bado hupatikana katika vituo vya afya, kwa hiyo huna sababu ya kupigana na mzee wiki hii, wala huna sababu ya kumchanja mtoto kwa siri na kuongeza siri nyingine juu ya ile ya kwanza. Labda siku moja mzee atasikia jambo hili vizuri zaidi likielezwa kama kitu ambacho binti yake angetaka kwa mwanawe.

Nimeliacha mwisho lile uliloliita zito zaidi, kwa kuwa ndilo lililonigusa zaidi. Unamkasirikia marehemu. Mama, mtu hawezi kumzaa mtoto, kumlea, kumwuguza miaka mitatu, kumpimia dawa kila baada ya saa nne, kisha akabaki na siri yake mkononi, asihisi hata siku moja kwamba ameachiwa mzigo mkubwa kuliko mabega yake. Alikuchagua wewe kwa sababu kwako hakuogopa kutazamwa. Hiyo ni heshima kubwa, na pia inaumiza, na vyote viwili vinaweza kukaa katika moyo mmoja bila kimoja kukifukuza kingine. Tena nimeona katika barua yako ndefu umeeleza hasira ya mzee, kanzu ya mzee, presha ya mzee, na hukuandika popote kwamba wewe umelia. Mlinzi wa amana hana nafasi ya kulia, maana anahofia kwamba akifungua kinywa kwa kilio, neno litatoka pamoja nacho. Hata kama hutamwambia mume wako kamwe, usibaki na hili peke yako tena. Umeanza kwa kuniandikia mimi. Huyo dada yako wa tumbo moja huenda anasubiri kuitwa.

Siwezi kukuambia useme au usiseme. Lakini kila nikiifikiria nyumba yenu naiona ile saa kumi alfajiri, simu ya marehemu inalia, mtoto amelala chumba cha pili, na watu wawili wako macho gizani, kila mmoja akijua kwamba mwenzake ameamka. Ukijaliwa siku moja kufungua kinywa saa hiyo, si lazima uanze na India, wala daktari, wala ahadi yako. Unaweza kuanza na swali ambalo hukumwuliza usiku ule alipokwenda kuketi barazani: "Mzee wangu, mwanetu alikuambia nini?" Kisha umsikilize hadi amalize, kwani huenda naye aliachiwa neno lake akakatazwa kukuambia.